Jino Ndani ya Maziwa

Hakuwa na nia mbaya, yule yaki jike.
Nzi alimkera sikioni, akageuza kichwa,
na pembe ikapita pale alipokuwa binti yangu
akikamua, akinisimulia mambo ya shule.
Neno alilokuwa nalo mdomoni sikulisikia mwisho wake.
Likaja jingine, la upepo mtupu:
"Mama, limetoka."

Pembe imetwaa jino.
Na jino la pembe si dawa ya pengo.

Kwetu jino la utoto huviringishwa katika shahamu,
akapewa mbwa, ili jipya liote kali kama lake.
Baavgai amekwisha kula kumi na tisa ya Khulan.
Akaja, akaketi, mkia ukifagia nyasi.
"Hili si lako," nikamwambia. "Hili halina mdogo wake."

Simu hushika mtandao kilimani tu, penye rundo la mawe.
Nilipanda mbio, ngumi nimeifumba.

"Umelishika wapi?" aliuliza Daktari Tsetsgee, akitafuna.
"Mkononi."
"Nauliza jino. Sehemu gani?"
Nikafumbua ngumi. Nilikuwa nimelibana mzizini,
kama fundi anavyobana msumari.
"Shika juu, kule kunakotafuna.
Mzizi una ngozi hai, nyembamba kuliko utando wa chai;
ukiisugua, umeiua.
Usilifute. Usilifunge kwenye kitambaa likakauka.
Unaweza kulirudisha shimoni mwenyewe?"

Nikatazama chini. Khulan mdogo kama kidole,
kitambaa mdomoni, chekundu hata kwa umbali ule.
"Siwezi," nikasema.
Mpaka leo neno hilo lanichoma.

"Basi maziwa. Mna maziwa hapo?"
Nikacheka, Mbingu inisamehe.
Ndoo tatu zilikuwa zinanisubiri,
moja yake ya yule yule mwenye pembe.

"Ya baridi. Na mje sasa hivi. Mna saa moja."

Kilomita sitini na mbili, na mto katikati.

Dashnyam alikuwa amefungua gurudumu la gari lake.
Dakika kumi na nne kulifunga; nilizihesabu zote
kwa sauti, mpaka akaniomba ninyamaze.
Kikombe nilikibana kwa magoti.
Mtoni maji yaliingia, yakatulowesha vifundo,
maziwa yakapanda ukingoni, yakasita, yakarudi.
Khulan akachungulia ndani.
"Linaogelea," akasema, akasahau kulia
kwa muda wa bonde moja.

Daktari alitupokea mlangoni, koti la baridi
juu ya koti jeupe, jenereta ikikohoa nyuma ya nyumba.
Sindano ya ganzi. Maji ya chumvi.
Kisha kwa kidole gumba, polepole, akalisukuma,
na nikasikia mlio mdogo, kama kizibo
kinaporudi chupani.
Akalifunga kwa waya kwa majirani zake wawili,
jinsi tunavyomfunga mnyama mgeni
katikati ya wenyeji, mpaka azoee.

"Litashika?"
Akavua glavu. Akatazama saa.
"Mmechelewa dakika thelathini na tano.
Huenda. Huenda lisishike.
Uji na supu. Rudini baada ya wiki mbili.
Likigeuka kijivu, nipigie, usingoje liume."
Zaidi ya hapo hakuniahidi kitu.

Msaidizi alitaka kumwaga kikombe kwenye sinki.
Nikamshika mkono.
Maziwa kwetu hurushiwa anga, hayamwagwi;
lakini haya yalikuwa ya waridi, yana damu ya mwanangu,
na sikujua anga ingeyapokea vipi.
Nikatoka nayo uani. Nikasimama.
Upepo ulikuwa mkali. Nikarudi nayo garini.

Baavgai alitupokea usiku, akanusa mikono yangu
kidole kwa kidole, akaenda kulala bila neno.

Asubuhi nilimkuta Khulan ameketi kwenye kigoda chake,
ubavuni mwa yaki yule yule,
mdomo ameufumba kabisa,
ndoo ikilia: chwa, chwa, chwa.
Kila nzi alipokaribia sikio lile,
mtoto alimpunga kwanza.